Malalamiko Kuhusu Jino Lililochanganywa Rangi Nusu kwa Nusu

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Meno,
Ghorofa ya Pili.

Mheshimiwa,

YAH: JINO LANGU LA MBELE, UPANDE WA KULIA, LISILOELEWANA NA MAJIRANI ZAKE

Kichwa cha barua kimekwisha kueleza shauri. Kilichobaki ni uchungu wake. Kabla ya uchungu nakutakia afya njema, wewe na wote walio chini yako, pamoja na benchi la mapokezi, ambalo mimi na lenyewe sasa tunajuana kama ndugu.

Mimi ni mwandishi wa barua na maombi. Meza yangu iko kwenye kibaraza cha posta, kati ya sanduku la barua na mchonga mihuri, na kwa miaka thelathini na mmoja nimewaandikia watu barua za kuomba kazi, kuomba radhi, kuomba uhamisho, na kuomba mke arudi. Shule niliiacha mapema, au tuseme iliniacha. Lugha sanifu nimejifunza mwenyewe kutoka katika kamusi iliyokosa kurasa za mwisho, kwa hiyo maneno yaanzayo kwa herufi Y na Z nimeyapata kwa juhudi binafsi. Nayasema haya ili utambue kwamba barua hii haikuandikwa kwa hasira. Ya hasira niliiandika jana, nikaichana.

Mwezi uliopita nilivunja jino la mbele kwa kung'ata kifuniko cha kalamu, nilipokuwa nikitafuta namna ya heshima ya kumwambia mwenye nyumba wa mteja wangu kwamba paa lake linavuja. Kliniki yako ikakichonga kisiki kilichobaki na kukivalisha jino la kauri. Jino lenyewe ni imara: halichezi, haliumi, linatafuna. Kosa lake ni rangi. Rangi hiyo imenifanya mtu baki kwa mama yangu mzazi, ambaye anaishi nyumbani kwangu na kunywa chai ya mkono wangu. Naomba kueleza hatua kwa hatua.

1. Kuhusu ubao wa rangi.

Siku ya kwanza uliniletea kinywani ubao wenye vijino kumi na sita vya mfano, vimepangwa kama funguo za mlinzi, ukawa unasogeza kimoja baada ya kingine karibu na meno yangu huku umekunja uso kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Niliingia chumbani humo nikiwa na meno meupe. Hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo, na mimi sikuwahi kuuliza. Nilitoka nikiwa na A tatu na nusu. Namba hiyo ulimtajia muuguzi kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya mama mmoja aliyekuwa akingoja ganzi imkolee, naye akanitazama kwa huruma ambayo kwa haki ilikuwa yake. Nilipouliza A tatu na nusu ni rangi gani kwa lugha ya binadamu, nikajibiwa kuwa ni ya chai iliyokaa.

Nashukuru kwa ukweli huo, ambao nilikuwa nimeishi vizuri bila ya kuwa nao. Nalalamika kwamba kati ya vijino kumi na sita hamna hata kimoja kilichoandikwa "cheupe cha kutosha".

2. Kuhusu maafikiano.

Mke wangu, aliyenisindikiza ili nisibishane na mtu, aliuona ubao ule na akachagua kijino cha kwanza kabisa, A moja, cheupe kama sahani ya wageni. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna anayenunua mlango mpya kisha akamwomba seremala aupake kutu. Fundi wako wa maabara, yule mnayemwita Bwana Tanuri, alisimama kwenye A tatu na nusu na hakutaka kusikia habari nyingine. Mimi ni mtu wa suluhu. Barua zangu zimewapatanisha ndugu waliokuwa wakigombea ukuta mmoja kwa miaka tisa. Nikaandika pale pale, kwa nakala mbili, agizo kwamba unga wa rangi zote mbili uchanganywe kijiko kwa kijiko, ili kila upande upate nusu ya haki yake na mimi nipate amani.

Bwana Tanuri alilisoma agizo, akavua miwani, akaniambia: "Mzee, huu si uji kwamba maji yakizidi unaongeza unga. Ukichanganya hizi nusu kwa nusu hupati ile katikati unayoiona kichwani mwako. Unapata jino la mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu hayupo hapa kuja kulichukua."

Nilimjibu kwamba nimechanganya wino mweusi na wa buluu kwa miaka thelathini na sijawahi kutembelewa na mtu wa tatu. Akatikisa kichwa, akachukua kijiko.

Hapo ndipo penye kiini cha lalamiko langu: fundi alinitii. Mtu mwenye miaka ishirini mbele ya tanuri, mwenye cheti kilichotiwa kioo na kutundikwa ukutani, alimsikiliza mtu ambaye ujuzi wake wote katika mambo ya kauri ni kuvunja vikombe. Wataalamu wakianza kututii sisi wateja, Mheshimiwa, atabaki nani wa kulaumiwa?

3. Kuhusu unga wa waridi.

Niliomba kushuhudia kazi, kama ilivyo haki ya mwenye shauri. Nje ya mlango wa maabara hapana katazo lolote. Katazo lipo ndani, nyuma ya mlango, kwa hiyo mtu hulisoma akiwa amekwisha kulivunja. Nilimkuta Bwana Tanuri akichota kwa brashi nyembamba rojo ya unga ule na kuijenga juu ya kikofia cha chuma chenye umbo la kisiki changu. Rojo ilikuwa ya rangi ya waridi. Ile ya kwenye ncha ilikuwa ya buluu.

Niliweka pingamizi papo hapo. Akaeleza kwamba hizo ni rangi za muda tu, hutiwa kiwandani ili fundi asikosee kati ya unga wa mwili wa jino na unga wa ncha yake, na kwamba zote huungua tanurini isibaki hata chembe. Nilimtaka aniandikie maelezo hayo na kuyatia sahihi. Alipokuwa akiandika, rojo ilikauka ikapasuka. Akaanza upya. Nikauliza sasa kuhusu ile ya buluu. Ikapasuka tena.

Kwa jumla jino langu liliingia tanurini mara tano. Baadaye fundi huyo huyo amenieleza, kwa utulivu usio na huruma, kwamba kauri hubadilika kidogo kila inapochomwa tena, na kwamba hata mchanganyiko ambao ungeweza kusameheka mara ya kwanza, mara ya tano hutoka na mawazo yake. Nalalamika kwamba hakuna mtu aliyenitoa nje kwa nguvu. Mlinzi mnaye, nilimsalimia nikiingia.

4. Kuhusu mwanga.

Siku ya kuvalishwa, chini ya taa yako kubwa yenye mkono, jino lilikubalika. Wewe ulikubali, muuguzi alikubali, mke wangu alisema si haba, na mimi nikatia sahihi fomu ya kuridhika, nikaongeza kwa mwandiko wangu maneno "bila ya kushurutishwa", ambayo hayakuwa yameombwa. Tulipofika kwenye ngazi za nje jua likalipiga. Mke wangu alisimama, akanitazama kinywa, akasema, "Hebu funga kwanza, tufike nyumbani."

Nyumbani, penye dirisha, jino lilikuwa na weupe wa karatasi mpya. Chini ya bulbu ya jikoni likageuka likawa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kwenye korido lilikuwa la kijivu kidogo, mithili ya mtu aliyetoka kupewa habari mbaya. Majirani zake, Mheshimiwa, walibaki chai iliyokaa mahali pote. Hayo ni meno yenye msimamo.

Kwa kuwa jino lenu hupatana na wenzake chini ya taa yako peke yake, naomba niazimwe taa hiyo. Naishi karibu, na mkono wake naona unakunjika.

5. Kuhusu kioo cha mkononi.

Ni kidogo. Kinaonyesha jino bila ya kuonyesha mtu.

6. Kuhusu mama yangu mzazi.

Hapa naomba unisome ukiwa umeketi.

Mama ana miaka themanini na mitatu, na umri umemnyang'anya majina, siku za juma, na nusu ya wajukuu. Anakaa chumba cha mwisho, chenye dirisha la mashariki. Kila asubuhi humpelekea chai, husimama mlangoni mwake, hutabasamu, naye hutazama meno. Hatazami macho wala pua. Huko hakuna anachokikumbuka. Meno yangu ni ya marehemu baba, mpangilio na rangi, na baba naye aliyarithi kwa babu: chai iliyokaa, kama mlivyonena vyema. Akiyaona huniita kwa jina nililoitwa nikiwa mtoto, kisha hunikemea kwa lolote lililo karibu, iwe kola, iwe viatu, iwe mgongo kupinda. Nikishakemewa, siku yangu imeanza. Hata jino lilipovunjika sikukosa kutambuliwa. Alilitazama pengo, akaniambia nisilichokonoe kwa ulimi, litaota lenyewe.

Asubuhi ya kwanza ya jino lenu nilisimama mlangoni na kikombe, nikatabasamu, na jua la dirishani likanipiga kinywani. Mama alivuta mtandio, akajitengeneza, akasema kwa adabu ambayo sijapata kuonyeshwa katika nyumba ile: "Karibu, baba. Mwanangu ametoka. Kaa, hatakawia."

Nilikaa. Nikamngoja huyo mwanawe mpaka chai ikapoa.

Leo ni siku ya kumi na moja. Nimemweleza, nimemwonyesha kitambulisho, nimemleta mke wangu kuwa shahidi. Mama alimvuta mke wangu kando na kumwonya kwamba si vizuri kumzoeza mwanamume wa watu kuingia vyumbani wakati mwenye nyumba hayupo. Mke wangu, badala ya kunitetea, alicheka hadi akashika ukuta. Siku ya tatu aliniwekea ufagio mkononi, akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa kuwa jembe hatuna, nianze na ua.

Nafahamu kwamba wapo watu waliopata madhara makubwa zaidi kwa matabibu. Lakini hao, wakirudi nyumbani na magongo yao, hupokewa kwa majina yao.

7. Kuhusu hatua nilizochukua mwenyewe kabla ya kuwasumbua.

(a) Nilifumba midomo. Mama akamwuliza mke wangu kama mgeni amefiwa.

(b) Nilishusha pazia ili mwanga upungue. Mama akataka kujua ni malezi gani yanayomruhusu mtu kushusha pazia la watu.

(c) Kila jioni kwa siku sita nilikaa na chai nzito kinywani kwa nusu saa, bila ya kumeza wala kusema, ili jino lipate rangi ya wenzake. Mke wangu amekiri kuwa hizo zilikuwa jioni njema. Hapa nalalamika kwa uchungu wa pekee: kauri yenu haishiki chai. Meno mengine yalishika. Sasa tofauti ni kubwa kuliko siku mliyonikabidhi, na nilipomwendea Bwana Tanuri kumwonyesha, aliniinua kidevu, akatazama, akasema, "Mzee, umeniongezea kazi," akarudi kwenye brashi yake.

8. Kuhusu majibu ya ofisi.

Nimefika mapokezi mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nijaze fomu ya maumivu. Niliandika kwamba sina maumivu. Ikarudishwa kwa sababu haikukamilika. Mara ya pili nilielekezwa kwenye sanduku la maoni, ambalo limefungwa kwa kufuli, na ufunguo, nimeelezwa kwa upole, umo ndani. Mara ya tatu binti wa mapokezi alinisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa subira ambayo nitaikumbuka, kisha akaandika katika faili langu, nami nikayasoma maneno yake kichwa chini miguu juu: "Mgonjwa hajaridhika na mama yake."

Hiyo si kweli, Mheshimiwa. Nimeridhika naye kabisa. Yeye ndiye asiyenipata.

Kwa sababu hizo nane, naomba yafuatayo, nikianza na lililo jepesi:

Kwanza, jino livuliwe na lingine litengenezwe kwa unga wa A tatu na nusu mtupu, pasipo mchanganyiko, na mimi nizuiwe kuingia maabara, ikibidi kwa kamba.

Pili, ikiwa jino haliwezi kuteremshwa rangi, na nimeambiwa kwamba kulivua ni kulivunja na pengine kisiki nacho kikaondoka, basi meno yote yanayolizunguka yapandishwe hadi yalifikie. Nimekwisha kutambua kwamba hapo mama atakuwa amempoteza mwanawe kwa safu nzima badala ya jino moja. Kwa hiyo,

Tatu, picha ya marehemu baba iliyo ukutani mwa mama, ambamo anatabasamu, irekebishwe na mpiga picha kwa maelekezo ya kliniki, apewe jino jeupe mahali pale pale, ili ukoo uonekane kuwa ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Babu hakuacha picha, na hilo linarahisisha.

Nne, hilo likishindikana, wewe Mheshimiwa ufike nyumbani kwangu ukiwa na koti lako jeupe na ule ubao wa vijino kumi na sita, usimame mbele ya mama, na utamke rasmi kwamba mtu huyu ni mwanawe kwa sehemu ishirini na nane kati ya ishirini na tisa. Zilizopotea, nyingine tatu, naomba usizitaje. Mama alizing'oa mwenyewe kwa uzi na anajua zilipo.

Tano, iwapo mama hataukubali ushahidi wako, nawe utakaribishwa kiti, utaletewa chai, na tutakaa sote wawili tumngoje mwanawe arudi.

Nimefika mwisho bila ya kumtukana mtu, jambo ambalo ndilo kazi yangu kwa wengine, na sikujua kuwa ni gumu hivi mtu akilifanya kwa ajili yake. Nisalimie muuguzi. Msalimie binti wa mapokezi, na umwambie mwandiko wake ni mzuri hata ukisomwa kinyume. Msalimie mlinzi, ambaye simlaumu sana. Bwana Tanuri mpe mkono wangu; alisema, nami sikusikia, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa kwa upande wangu nilianza kuvunjika kisha ndipo nikakataa kusikia. Mke wangu anawasalimu nyote. Mama angewasalimu, lakini anasema salamu za nyumba hii hutolewa na mwanawe.

Nabaki kuwa wako mtiifu, kwa meno yote niliyo nayo,

Mwandishi wa Barua na Maombi,
Kibaraza cha Posta
(leo kwa niaba yake mwenyewe)

Nakala: Bwana Tanuri, Maabara.
Nakala: Mke wangu, aliyeiomba ili awasomee dada zake.

Tanbihi:

Barua hii ilikuwa imekwisha kukunjwa asubuhi hii nilipompelekea mama chai. Alinikaribisha kama ilivyo desturi ya siku hizi, akaniambia mwanawe ametoka. Safari hii sikuwa na nguvu ya kujieleza, nikakaa kimya. Mama si mtu wa kumwacha mgeni akae kimya. Akaanza kunisimulia habari za huyo mwanawe.

Alisema: "Ana maneno mazuri, yule. Anawaandikia watu wote. Mimi kusoma sijui, lakini nilikuwa napita pale posta na kikapu changu, nasimama nyuma ya nguzo, namtazama anavyoandika. Halafu naenda zangu sokoni. Usimwambie, baba. Atavimba kichwa."

Mheshimiwa, mimi kwenye kibaraza kile naijua kila nguzo, na sikumwona hata siku moja. Sikujua pia kwamba kuna lolote katika kazi yangu linalostahili kutazamwa na mtu mwenye kikapu kizito. Nilimwuliza kama mwanawe ana kasoro. Akasema zipo nyingi, lakini hizo humwambia mwenyewe, mgeni hapewi.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu namba moja hadi namba nane yahesabiwe kuwa hayakuandikwa, na maombi yote matano yafutwe. Jino lisiguswe na mtu yeyote. Bwana Tanuri aambiwe kwamba kama umebaki unga wa ule mchanganyiko asiutupe, bali aufunge vizuri na kuuandika jina langu, endapo siku moja jino hili litavunjika na kuhitajika jingine lisilofanana na mimi kwa kiasi kile kile.

Mama alipomaliza habari za posta alisema amenianzia katikati, na hilo si jambo la adabu, akarudi hadi siku aliyomzaa mwanawe akaendelea kutoka hapo, haruki kitu. Leo tumeishia mtoto akiwa na miaka saba. Mimi nina hamsini na minane, na nimeambiwa kesho nije mapema.